Klachi Yangu na Fundi wa Elfu Themanini

Jumatatu, 4 Machi

Nimeibiwa! Mchana kweupe, na mwizi akanipa kiti nikae.

Gari limenigomea asubuhi kwenye mlima wa sokoni. Injini inanguruma, magurudumu hayana habari. Harufu ya kuungua. Mke wangu kiti cha pembeni, marobota matatu ya kitambaa kiti cha nyuma, foleni ya wapiga honi nyuma yetu. Tukarudi kinyumenyume mpaka gereji iliyo chini ya mlima. Aibu tupu.

Fundi wa pale wanamwita Dokta, kwa sababu hutega sikio kwenye injini kabla hajagusa kitu. Akasikiliza. Akasema klachi imekwisha. Vipuri nikanunue mwenyewe dukani, nipewe risiti. Sawa, hapo sina neno. Kisha akataja bei ya ufundi: elfu themanini! Si ya chuma, si ya mafuta. Ya mikono yake tu, ile ile aliyozaliwa nayo!

Nikamuuliza themanini za nini. Akasema za kushusha giaboksi, kufunga klachi mpya, kupandisha giaboksi. Nikamwambia kushuka, kila kitu kinashuka chenyewe. Hakucheka. Watu wenye kosa hawachekagi.

Mke wangu akanivuta shati. Kwamba nilipe, yaishe. Anashona sketi themanini za sare ya shule, miezi miwili hainuki kwenye cherehani, na Jumamosi saa nne asubuhi lazima ziwe mezani kwa mwalimu mkuu. Zikichelewa, kazi ya mwaka mzima anapewa mshonaji mwingine. Mwalimu mkuu alishamwambia hivyo, tena mbele ya watu.

Nikamwambia atulie. Leo ni Jumatatu, Jumamosi iko mbali. Mimi ni karani wa bohari mwaka wa kumi na nne. Hakuna msumari uliotoka mikononi mwangu bila sahihi. Ndiyo nije kukamuliwa na mtu asiyevaa hata soksi?

Jumanne, 5 Machi

Nimefanya uchunguzi. Niliaga kazini kwamba naenda benki.

Gereji ya kwanza: nikajifanya naulizia kwa niaba ya rafiki. Ufundi wa klachi, elfu tisini. Gereji ya pili: elfu mia, na gari wakalione kwanza. Lo! Njama hiyo! Wameshapigiana simu, hakuna maelezo mengine. Mtu akikutajia bei kubwa kuliko ya mwizi wako, ujue anamlinda.

Jioni nikamkuta jirani anaosha gari lake. Jirani huyu namwita Bingwa, maana hakuna jambo ambalo hajalifanya kabla yako na kwa bei nafuu. Huosha gari kila jioni, hata likiwa safi, ili tulione. Nikamtupia swali kijuujuu. Akasema eti klachi yake ilibadilishwa mwezi wa kumi na mbili, akalipa elfu sabini, na fundi akamaliza kwa saa tatu.

Saa tatu!

Nikaingia ndani bila kuaga. Nikatafuta kalamu. Elfu themanini gawanya kwa tatu. Elfu ishirini na sita na mia sita kwa saa! Mimi mshahara wangu nimeugawanya kwa saa: elfu nne. Nne! Na nina cheti cha utunzaji bohari, kimetundikwa sebuleni kwenye fremu!

Nikampelekea mke wangu hesabu. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akasema yeye sketi anauza kwa sketi, hauzi kwa saa, na mteja anachovaa ni sketi. Kisha akauliza, hivi zile elfu nne ofisini wananilipa kwa saa za kufanya kazi au za kukaa. Nikakunja karatasi yangu. Mtu mwenye pini mkononi si wa kubishana naye.

Lakini wazo nimelipata. Zuri mno. Nimeshindwa kula vizuri kwa furaha.

Jumatano, 6 Machi

Ushindi!

Kazini nimepiga simu kwamba tumbo linanisokota. Saa mbili na nusu niko gereji, vipuri mkononi. Nikamwambia Dokta kwamba mambo ya bei ya jumla ni ya zamani, ni kubahatisha, mmoja wetu lazima aumie. Tuwe watu wa haki. Nitamlipa kwa saa. Elfu kumi kila saa, mara mbili na nusu ya mshahara wangu, aone mwenyewe nilivyo mkarimu.

Saa tatu kwa elfu kumi ni elfu thelathini. Nimeokoa hamsini kabla hata jeki haijawekwa!

Akafuta mikono kwa tambara. Kidole kimoja kimoja. Akauliza kama nina hakika. Nikasema bila shaka. Akauliza tena. Nikamwona anavyotapatapa! Nikatoa karatasi niliyoiandaa, nakala tatu, na mhuri wa bohari: Fundi atalipwa elfu kumi kwa kila saa inayotumika kwa jambo lolote linalohusu gari hili. Maneno yangu mwenyewe. Akatia sahihi. Mimi nikatia mbili.

Saa tatu kamili akaingia chini ya gari.

Sasa, mimi si mtoto. Mafundi hubadilisha vitu. Unampelekea gari lenye nati nzima, unarudishiwa lenye nati za marehemu. Kwa hiyo nilikuja na daftari la kutoa na kupokea, kama bohari. Kila nati inayofunguliwa inapewa namba, inatiwa kwenye bahasha, Dokta anatia sahihi kwamba ameitoa, mimi natia sahihi kwamba nimeipokea. Kila mara ilibidi atoke uvunguni, afute mikono, ashike kalamu. Wino ukaingia grisi. Nikaazima kalamu nyingine dukani. Utaratibu ni utaratibu.

Mchana akaenda kula. Nikamwambia wazi kwamba saa ya chakula silipi. Akasema sawa kabisa. Mtu muungwana, nikashangaa. Nikakaa naye mezani, nikamuuliza mambo mawili matatu kuhusu beringi, na kwa nini sahani ya klachi huisha upande mmoja, na kama uendeshaji wa mke wangu unachangia. Akajibu vizuri. Kisha akatoa kalamu akaandika: maswali yanayohusu gari, dakika arobaini.

Ala!

Nikamwonyesha kwamba alikuwa anatafuna. Akasema alitafuna katikati ya majibu.

Saa kumi jioni tumefunga. Nati ishirini na mbili zimetoka, zote zina sahihi. Giaboksi bado iko juu. Jumla ya saa: sita na dakika arobaini. Si kitu. Mwanzo daima ni mgumu, kesho atakimbia.

Mke wangu ameuliza Jumamosi vipi. Nimemwambia gari liko mikononi mwa sheria.

Alhamisi, 7 Machi

Siku mbaya. Siku ya hasira. Kazini nimesema tumbo limehamia mgongoni.

Saa tano hivi giaboksi ikashuka. Nikapanga bahasha zangu juu ya benchi, nikahesabu. Thelathini na moja zinatakiwa. Ziko thelathini. Namba kumi na tisa haipo!

Nikapiga kelele kazi isimame. Dokta akatoka uvunguni, akasema nati ile anaijua, ni ya kawaida, anazo za namna hiyo kopo zima, ataweka nyingine. Thubutu! Ndivyo wanavyoanza! Leo nati, kesho injini! Nikamwambia hakuna kitakachoendelea mpaka namba kumi na tisa ionekane. Tukatafuta. Tukamwaga mchanga wa kufyonzea mafuta, tukauchambua kwa mikono. Tukasogeza matairi chakavu. Mimi nikalala kifudifudi nikimulika kwa tochi, na suruali ndiyo ile ya kijivu ya siku za mishahara.

Karibu saa mbili nzima. Nikatoa kitambaa nijifute jasho. Namba kumi na tisa ikadondoka kutoka mfuko wa shati langu, na bahasha yake.

Dokta akaitazama bahasha. Akachukua kalamu: kutafuta nati ya mteja, saa mbili.

Kufikia saa saba na dakika ishirini nikajumlisha. Saa kumi na moja kamili. Elfu mia moja na kumi! Na giaboksi imelala sakafuni! Nikamwambia asimame hapo hapo, asiguse kitu, asifikiri hata. Akakaa. Nikamuuliza je, kukaa huko nako kunahesabiwa? Akaniuliza je, swali hilo linahusu gari?

Nimeondoka. Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, nikizungumza peke yangu, watu wakinipisha njia.

Mke wangu anapiga pasi sare. Zimejaa kila mahali: kwenye makochi, kwenye mlango, juu ya cheti changu. Sitini na nane tayari. Macho mekundu. Akauliza swali moja tu, gari litatoka lini. Nikasema mambo yanakwenda vizuri. Nikaona aibu kidogo, nakiri. Kisha nikakumbuka ile nati nikakasirika tena.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeamka na mkakati. Kurudi bei ya jumla! Nikamweleza Dokta kwamba nimemwonea huruma, kwamba malipo kwa saa yanamchosha, basi turudi kwenye elfu themanini zake kama nilivyokuwa nimekubali moyoni tangu mwanzo. Akaingia kibandani. Akarudi na nakala yake. Ameitia kwenye nailoni isichafuke! Mhuri unaonekana vizuri kabisa.

Basi nikamfuata Bingwa aje awe mwamuzi. Uchungu gani kumwomba Bingwa! Akaja kifua mbele, funguo zinaning'inia kidoleni. Kumbe! Yeye na Dokta wakakumbatiana. Kumbe ndiye huyu huyu aliyemfungia klachi ile Desemba! Nikamrukia: mbona yeye sabini, mimi themanini? Dokta akasema sabini ilikuwa mwaka jana. Nikauliza mbona yeye saa tatu? Bingwa akasema aliacha gari, akaenda zake nyumbani kulala.

Akasoma karatasi yangu, mara mbili, akicheka puani. Hukumu yake: mwandiko mzuri, nilipe.

Nilikuwa katikati ya kumkumbusha yale mabati aliyoazima kwangu na hajarudisha, mara nikaona watu wote wamegeuka. Mke wangu amesimama mlangoni pa gereji. Futi ya kupimia shingoni, uzi kwenye nywele. Alikuwa ametembea. Akatazama giaboksi sakafuni. Akatazama bahasha zangu. Mimi hakunitazama.

Akamsalimia Dokta, akamwita kaka. Akamuuliza, asiposumbuliwa na mtu, itamchukua muda gani. Dokta akasema shemeji, saa tatu. Akauliza bei. Dokta akasema ile ile ya Jumatatu, themanini, hajawahi kutaka zaidi. Mke wangu akasema atampa themanini, na ishirini juu kwa siku mbili alizopotezewa. Akaichukua karatasi yangu kwenye mkono wa Bingwa, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akaniambia, kwa upole ambao sikuupenda, niende nyumbani nikapige pasi sketi kumi na mbili zilizobaki, na nikiunguza hata moja nisimngoje.

Nimekwenda. Kwa hiari yangu.

Saa kumi na moja jioni gari limesimama nje, linapumua vizuri. Elfu mia moja! Kutoka kwenye pesa yake ya vifungo na uzi! Nimekasirika sana. Lakini baadaye nikapiga hesabu kwa utulivu. Saa kumi na moja zilizotangulia, na tatu za leo, ni kumi na nne. Kwa mkataba wangu ingekuwa elfu mia na arobaini. Tumelipa mia. Nimeokoa arobaini! Nimemwonyesha hesabu. Alikuwa anafunga sare kwa kamba, akaikanyaga karatasi akapita.

Sketi zote kumi na mbili ni nzima. Hilo hakuna aliyelitaja.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne kasorobo tumefika shuleni. Gia zinaingia laini. Laini mno, nina wasiwasi nazo.

Mwalimu mkuu ni mama mwenye miwani ya kamba na kidole kirefu. Akageuza kila sketi, akavuta kila mshono, akahesabu mpaka themanini bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa natokwa jasho kuliko mke wangu. Kisha akavua miwani, akamwambia mke wangu kwamba hajaona kazi safi namna hii tangu aingie shule ile. Anataka nyingine mia moja na hamsini! Na nguo za michezo juu yake! Ila kamati ya wazazi, akasema, inauliza kama bei ya ufundi, elfu nane kwa sketi, ni ya haki. Basi mke wangu alete maelezo mafupi siku chache zijazo.

Ya haki! Masikio yalinisimama. Hayo ndiyo mambo yangu!

Njiani mke wangu alicheka, mara ya kwanza wiki hii. Akanigusa bega. Akasema tusahau ya gereji. Nimeguswa. Nimeamua kumfanyia jambo, kwa siri, ili kumshangaza.

Jumatatu, 11 Machi

Limefanyika.

Jana nilimpima siku nzima kupitia dirisha la jikoni, yeye hajui. Kukata, kuunga, zipu, pindo, kifungo. Sketi moja: dakika thelathini na tano! Mkono wake unapita kwenye kitambaa hata huoni. Nilijisikia fahari mpaka machozi. Nani mwingine katika mtaa huu ana mke wa dakika thelathini na tano?

Nikachora jedwali, nakala tatu, mhuri. Na ili kamati ipate kipimo cha kitaalamu cha kulinganishia, nikaandika chini kwamba karani wa bohari mwenye uzoefu wa miaka kumi na nne hulipwa elfu nne kwa saa. Wasione tunaficha kitu. Mchana nimempelekea mwalimu mkuu mwenyewe. Akasoma, akanyanyua nyusi, akasema ni maelezo ya wazi sana. Nikainama kidogo.

Jumatano, 13 Machi

Barua imekuja. Kamati imekaa. Wanashukuru kwa uwazi. Dakika thelathini na tano, kwa kipimo cha elfu nne kwa saa kilicholetwa na familia yenyewe, ni elfu mbili na mia tatu na ushee. Hiyo ndiyo watakayolipa badala ya nane. Wameambatisha jedwali langu.

Mke wangu alisoma amesimama. Akakaa. Akasoma tena. Nilitegemea kelele, sikupata. Akasema sketi yake ya kwanza ilimchukua siku mbili, na bibi aliyemfundisha akaifumua yote mbele ya wenzake. Ya pili siku mbili. Akafumua. Akasema alilia kwenye kitambaa cha watu. Miaka kumi na sita tangu siku ile, ndipo imekuwa dakika thelathini na tano, na mimi nimekwenda kuiuza kwa dakika.

Nikamwambia kwa nini hakunieleza hizo siku mbili mapema? Ningeziingiza kwenye jedwali, tungetafuta wastani.

Akachukua funguo za gari. Sauti ya klachi nimeisikia mpaka mwisho wa mtaa.

Amerudi alasiri. Elfu nane zake amezipata, zote, kwa sketi. Alimwambia mwalimu mkuu atashona kwa bei yake au hashoni. Lakini nguo za michezo alikuwa ameshapewa yule mshonaji mwingine jana, kwa sababu ya jedwali. Hizo zimekwenda. Ndizo zingelipa ada ya mtoto wetu wa mwisho. Na kuna sharti: mimi nisionekane tena ndani ya uzio wa shule.

Mimi! Niliyewapa takwimu bure! Usiku huu nalala kochini, na makochi yetu ni mafupi.

Alhamisi, 14 Machi

Jino linaniuma. Gego la chini, kushoto. Si ajabu, wiki mbili nimesaga meno kwa hasira.

Nimekwenda kwa daktari wa meno aliye karibu na ofisi. Akachungulia, akasema limepasuka, litoke. Nikauliza bei. Elfu hamsini! Nikauliza kazi yenyewe dakika ngapi. Akasema kwa kawaida dakika nne. Nne! Zaidi ya elfu kumi na mbili kwa dakika! Gereji ina afadhali!

Lakini safari hii sikupandisha sauti. Nimejifunza kutulia. Nilikosea wapi na Dokta? Nilihesabu kwa saa, kipimo kikubwa mno, vitu vinajificha humo. Nikamweleza daktari taratibu: tuwe watu wa haki. Nitamlipa kwa dakika. Elfu tatu kila dakika, bila ya ganzi, ganzi nimeona inaongezewa bei bure. Dakika nne, elfu kumi na mbili. Nimeokoa thelathini na nane, zianzie ada ya mtoto, na mke wangu ataona mimi ni nani.

Nilitegemea abishe. Hata! Alikubali palepale, akatia sahihi nakala zote tatu, akanishika mkono. Miadi ni kesho saa tatu asubuhi. Ameniomba jambo moja tu, nije nimeshakunywa chai, maana huenda tukakaa kidogo.